Maumivu Bila Daftari

Haya ndiyo niliyozungumza kwenye mafunzo ya asubuhi hospitalini kwetu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa wametoka zamu ya usiku, walio likizo, na wale wa zahanati na vituo vya afya wanaotuletea wagonjwa wa rufaa.

Mganga Mfawidhi, Matroni, madaktari, matabibu, wauguzi wenzangu, wafamasia, ndugu zangu wa kumbukumbu za afya na wa dirisha la bima, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie misimbo ya magonjwa, yaani zile herufi na namba zinazotambulisha kila ugonjwa kwenye mfumo, na uandishi wa faili kwa wagonjwa wanaokuja kliniki ya maumivu. Najua nikitaja misimbo, nusu ya ukumbi inawaza fomu na makato ya bima, na nusu nyingine inawaza foleni iliyoko nje sasa hivi. Foleni hata mimi naiona. Ndiyo maana nataka nianze na mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni hiyo.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja wa miaka 63, muuza vitumbua. Alikaa kiti upande, ubavu wa kulia hauegemei kitu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanipa daftari lake. Mnayajua madaftari hayo: la shule, limefunikwa kwa gazeti, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino, na ndani ndimo ilimo historia yote ya mtu. Nikalifungua. Ziara ya kwanza: "maumivu ya mwili", diklofenaki siku 5. Ziara ya pili: "maumivu ya mwili", diklofenaki na parasetamo. Ya tatu: "GBM", kifupi cha Kiingereza cha mwili mzima kujisikia vibaya, kipimo cha malaria hakuna kitu, diklofenaki ya sindano. Ya nne: "maumivu ya kifua", vidonge tena. Ya tano: "kama awali, aendelee na dawa". Presha siku ya kwanza ilikuwa 140 kwa 85. Siku ya tano, imeandikwa pembeni kwa haraka, 170 kwa 100.

Ziara tano, miezi minane, miandiko mitano tofauti. Mbili za zahanati, tatu za hapa hapa kwetu. Hakuna hata mwandiko mmoja uliosema maumivu yako wapi hasa, yakoje, yalianza lini.

Nikamuuliza swali la kawaida kabisa: "Mama, hayo maumivu yakoje?"

Akasema: "Yanawaka, mwanangu. Kama mtu kanimwagia maji ya moto hapa, halafu anapitisha wembe. Hata khanga siwezi kuifunga."

Hapo ndipo nilipoliona gauni lake. Alikuwa amelivaa kwa kuligeuza, mishono yote iko nje, kwa sababu mshono ukigusa ubavu anashtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Tukamwomba atuonyeshe. Kuanzia chini ya titi la kulia, kuzunguka ubavu hadi mgongoni, kulikuwa na makovu madogo yaliyojipanga kama mkanda, na yalipofika uti wa mgongo yaliishia hapo, hayakuvuka. Mkanda wa jeshi. Aliugua karibu mwaka mzima nyuma, akajipaka dawa nyumbani, akakaa kimya, maana mtaani kwao ukitaja mkanda wa jeshi watu wanataja VVU palepale. Yeye alishapima, yuko salama, lakini nani atamzunguka kila jirani akimwonyesha majibu? Malengelenge yakakauka. Mishipa ya fahamu haikupona.

Wahenga wametuambia, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile, kwa sababu mama yule daftari alikuwa nalo. Alilibeba miezi minane. Alilifunika lisichakae. Sisi ndio tuliolijaza wino bila kuandika kitu.

Tulisimamisha diklofenaki, ambayo kwa mtu mwenye presha haikuwa na kazi nyingine ila kumdhuru. Daktari akamwanzishia amitriptilini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, miligramu 10 usiku. Nitarudi kwake kabla sijamaliza.

Sasa nije kwenye msimbo. Zile ziara tatu za hapa kwetu ziliingia kwenye mfumo kama R52.9, yaani maumivu yasiyoainishwa. Msimbo sahihi ulikuwepo. Kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, kuna B02.2, unaobeba alama ya msalaba, ukisema chanzo ni mkanda wa jeshi ulioingia kwenye mishipa ya fahamu. Unaandamana na G53.0, unaobeba alama ya nyota, ukisema kilichobaki ni maumivu ya mishipa hiyo baada ya mkanda kupona. Msalaba unaeleza shina, nyota inaeleza tawi. Vyote viwili vilikuwepo kitabuni wakati wote.

Lakini nani angeviweka? Dada yetu wa kumbukumbu za afya? Yeye halioni gauni. Halioni kovu. Hajasikia habari ya maji ya moto na wembe. Anachokiona ni maneno "maumivu ya mwili", na maneno hayo hayana pengine pa kwenda isipokuwa R52.9. Tunapenda kulaumu watu wa misimbo. Jamani, msimbo unaweza kujua nini zaidi ya sentensi uliyoiandika wewe?

Hili ndilo ninalotaka mlichukue asubuhi hii: kazi ya msimbo inaanza pale mgonjwa anapofungua mdomo, na mara nyingi inafia kati ya sikio letu na kalamu yetu.

Hebu tujiulize. Mgonjwa wetu anapoeleza maumivu kwa Kiswahili, anatupa nini? Anatupa karibu nusu ya utambuzi. Akisema yanawaka, yanachoma sindano sindano, mguu umekufa ganzi, anatuelekeza kwenye mishipa ya fahamu, iwe ni kisukari, iwe ni mkanda wa jeshi, iwe ni dawa za saratani. Akisema panapwita, unawaza jipu au jino. Akisema tumbo linasokota, halafu linaachia, halafu linasokota tena, unawaza utumbo au mrija wa figo. Akisema kiuno kinavuta hadi kisigino, ameshakuchorea njia ya mshipa wenyewe. Akisema goti linakwaruza na asubuhi limekakamaa, hajakaa darasani siku moja, lakini amekueleza gegedu.

Na sisi tunafanya nini na utajiri huo? Tunaandika "LBP", yaani maumivu ya kiuno. Tunaandika "GBM". Herufi tatu! Mtu amekaa kitandani usiku kucha akitafuta neno la kuelezea kinachomtokea, amelipata, amelibeba kilomita arobaini kwenye daladala na bodaboda, amelifikisha mbele yetu, na sisi tunalibadilisha kwa herufi tatu.

Ombi langu la kwanza ni dogo. Neno la mgonjwa liandikwe kama lilivyo, kwa Kiswahili, ndani ya alama za kunukuu. "Yanawaka." "Sindano sindano." "Kama mtu anasokota kitambaa." Kisha chini yake uweke lugha yako ya kitaalamu upendavyo. Mtu wa misimbo akiona "yanawaka" karibu na "kisukari miaka 11", ataanza kukuuliza kama hii si E11.4, yaani kisukari kilichoathiri mishipa ya fahamu. Na daktari atakayempokea mwezi ujao hataanza upya.

Niongeze tahadhari moja hapa. Maneno haya hayafanani kila mahali. Kichomi kwa mmoja ni maumivu ya ubavu anapovuta pumzi, kwa mwingine ni nimonia yenyewe. Mshipa kwa mzee wa Pwani unaweza kuwa ngiri. Chango, kila mkoa una chango chake. Kwa hiyo usiishie kwenye neno. Mwambie, "Mzee, nionyeshe kwa mkono." Akikuonyesha kwa kidole kimoja, au kwa kiganja kizima, au akapitisha mkono kuanzia nyonga hadi unyayoni, hayo nayo ni maelezo. Yaandike.

Mtaniuliza, mbona hata vitabu vyenyewe vinayapa maumivu nafasi ndogo? Swali zuri, na jibu lake ni la kihistoria. Orodha hii ya magonjwa ilianza kwa kuhesabu wafu. Mwaka 1893, kule Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu orodha ya sababu za vifo. Sababu za vifo, ndugu zangu. Ilipofika toleo la sita, mwaka 1948, chini ya Shirika la Afya Duniani, ndipo magonjwa ya walio hai yalipoingizwa. Sasa kitabu kilichozaliwa kwa kuhesabu maiti kingeyaona wapi maumivu ya kiuno? Kiuno hakiui. Mkanda wa jeshi uliopona hauui. Hata kwenye ICD-10, iliyoidhinishwa mwaka 1990, maumivu sugu yametawanyika kama watoto wa marehemu: wengine wamelelewa kwenye M ya mifupa na misuli, wengine kwenye G ya mishipa ya fahamu, na wasio na mtu wakatupwa kwenye R ya dalili.

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ndiyo iliyoyajengea maumivu sugu nyumba yao. Nyumba hiyo inaitwa MG30, na sugu maana yake ni maumivu yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Ya saratani yana chumba chake, MG30.1. Ya baada ya upasuaji au jeraha, MG30.2. Ya mishipa ya fahamu, MG30.5. Na kuna chumba kimoja ninachokipenda kuliko vyote, MG30.0, cha maumivu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa. Mnajua nawawaza akina nani? Wale tunaowaambia, "Vipimo vyote safi, huna ugonjwa," nao wanatoka wakilia kwa sababu wanaumwa na tumewaita waongo kwa upole. ICD-11 pia inaruhusu kuongeza ukali wa maumivu, dhiki anayoipata mtu, na kiasi yanavyomzuia kufanya shughuli zake. Fomu zetu hapa bado zinataka ICD-10, najua. Lakini hakuna fomu inayotukataza kuandika leo mambo hayo matatu kwenye faili.

Kuna jambo jingine la kanuni ambalo wengi wetu hatulijui, na mimi mwenyewe nilipolisoma nilirudia mara mbili. Ukimaliza kumhudumia mgonjwa, ukaandika kwamba ugonjwa fulani "unashukiwa", na usiache maelezo mengine yoyote, kanuni za Shirika la Afya Duniani za ICD-10 zinamtaka mweka msimbo auhesabu ugonjwa huo kama umethibitika. Mmesikia? Umeandika "inashukiwa saratani ya mifupa" kwa sababu mgongo unamuuma na una haraka. Kwenye takwimu za nchi, mtu huyo sasa ana saratani ya mifupa. Kwa hiyo kama hujui, andika unachokijua: dalili. Maumivu ya mgongo, wiki 6, hakuna homa, hajapungua uzito, hakuna ganzi. R52.9 au M54.5 kwenye ziara ya kwanza si aibu hata kidogo, ni ukweli. Aibu ni R52.9 ya ziara ya tano.

Sasa nizungumze juu ya kijana mmoja, na hapa naomba tusikilizane vizuri.

Ni kijana wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu, miaka 19. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo kila aliyefanya kazi hapa anamjua kijana wa namna hii. Anakuja saa nane usiku, anatembea mwenyewe, anakaa kwenye benchi na simu mkononi. Halii. Anamwambia muuguzi, "Sista, mifupa inavunjika." Anataja dawa anayoijua, anataja na dozi. Nasi tunatazamana.

Kwenye faili lake, ukurasa wa ndani, miaka miwili kabla, mtu aliandika sentensi moja: "Mgonjwa anapenda sindano."

Maneno matatu. Tangu siku hiyo kila aliyelifungua faili lile alianza na maneno hayo matatu kabla ya kumtazama kijana. Alikuwa akisubirishwa. Akipewa parasetamo na kuambiwa atulie. Zamu zikabadilika, aliyeandika akahamishwa mkoa mwingine, sentensi ikabaki zamuni.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu aliyeishi na maumivu tangu akiwa mtoto mchanga amejifunza kukaa nayo kimya. Kucheza na simu ndiyo namna yake ya kushikilia akili isimtoke. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilirekebisha maelezo yake ya maumivu ni nini, na kikasema wazi kwamba anachosema mtu kuhusu maumivu yake kiheshimiwe, na kwamba mtu kushindwa kuyasema hakuondoi uwezekano kwamba anaumwa. Basi anayelia tumwamini, na asiyelia tumwamini. Naomba kuanzia leo, sentensi ya kuhukumu tabia ya mgonjwa isiingie kwenye faili la mtu yeyote hospitali hii. Andika ulichokiona na ulichokisikia: amesema 9 kwa 10, mapigo ya moyo 118, ameshika paja la kushoto, alipewa dawa saa nane na nusu, saa tisa amesema 5. Hapo umeandika kama mtaalamu.

Na msimbo wake je? Selimundu yenye mshtuko, yaani maumivu makali yanapomvamia mgonjwa, ni D57.0. Selimundu bila mshtuko ni D57.1. Tofauti ya tarakimu moja. Tulipokaa na kuyapitia mahudhurio yake ya miezi 12, tulikuta amekuja usiku mara 7 kwa maumivu makali. Ngapi zilikuwa na D57.0? Moja. Nyingine ziliandikwa D57.1, na nyingine "maumivu ya miguu". Jamani, haidroksiyurea, dawa inayopunguza mishtuko hiyo, anaanzishiwa nani? Kipimo kilichozoeleka kwa miaka mingi ni mgonjwa mwenye mishtuko 3 au zaidi kwa mwaka. Kijana alikuwa na 7. Karatasi ilikuwa inasema 1. Kila daktari wa kliniki aliyefungua mfumo aliona kijana anayeendelea vizuri.

Tarakimu moja ilimnyima dawa. Nalisema tena, maana tunadhani misimbo ni ya bima tu: tarakimu moja ilimnyima dawa.

Ya bima nayo nisiyaruke, maana wenzangu wa dirishani watanidai. Nitakuwa mfupi.

Kuna mzee, dereva wa lori mstaafu, aliombewa kipimo cha MRI. Faili lilisema: "LBP, anahitaji MRI." Msimbo M54.5, maumivu ya kiuno. Bima ikakataa. Tukakasirika sote, nami nilikuwa wa kwanza kukasirika. Kisha nikalisoma faili kama mtu asiyemjua mzee. Kwa kweli, ningekuwa mimi kule, ningelipaje? Kiuno kinamuuma kila mtu. Daktari akamwita mzee tena, akampima, akaandika upya. Maumivu wiki 10, "yanavuta kama kamba" kutoka kiunoni kupita nje ya paja hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akilala chali na mguu ukainuliwa, kwenye nyuzi 40 anazuia mkono wa daktari. Kidole gumba hakinyanyuki kwa nguvu kama cha kulia. Haja ndogo na kubwa ziko sawa. Ametumia dawa wiki 6 na mazoezi ya tiba mara 8, nafuu kidogo. Hawezi kukaa zaidi ya dakika 15. Hapo M54.5 haifai tena. Kitabu chenyewe kinaiondoa pale maumivu yanaposhuka mguuni. Tunazungumzia M54.4, na kipimo kikionyesha diski ya kati ya pingili imebana mshipa wa fahamu, M51.1. Kipimo kililipiwa. Mzee ni yule yule, kiuno ni kile kile.

Lakini nisikilizeni kwa makini. Kuna mwenzetu aliyewahi kuniambia, "Dada, si tungeandika tu msimbo mzito tangu mwanzo?" Hapana. Msimbo usioungwa mkono na maelezo ni uongo uliovaa namba. Leo unamsaidia mzee apate kipimo, kesho ana ugonjwa asiokuwa nao kwenye mfumo, na keshokutwa mgonjwa wa kweli haaminiwi kwa sababu yetu. Andika ukweli wote, na ukweli wote ukiandikwa huwa unatosha.

Nimefika kwenye jambo la mwisho, na ndilo lililo zito kwangu.

Jumamosi moja usiku, miaka tisa iliyopita, nilikuwa wodini peke yangu na mhudumu mmoja. Aliletwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, C53 kama mnavyoiandika, akiwa na binti yake na chupa ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, isiyo na lebo. Lebo ililoa ikatoka. Binti alisema mama hunywa "mfuniko mmoja", na mfuniko wenyewe ulipotea njiani. Nikafungua faili. Ziara ya mwisho: "Aendelee na morfini."

Aendelee na ipi? Kuna morfini ya maji yenye miligramu 5 kwenye mililita 5, na kuna yenye miligramu 50 kwenye mililita 5. Zote ni maji, zote zinakaa kwenye chupa ya aina moja. Wenzetu wa Uganda huzitofautisha kwa rangi. Mbele yangu nilikuwa na maji yasiyo na rangi na neno "aendelee". Nikikosea ninampa mara kumi. Nilimpigia daktari, simu haikupatikana. Niliogopa. Sikumpa.

Yule mama aliumia hadi saa mbili asubuhi. Binti yake hakunilaumu, alikaa akimpepea kwa upande wa khanga. Hakuna usiku mwingine wa kazi yangu ninaoukumbuka kama huo, na ndio ulionipeleka kusomea tiba shufaa, huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi kama yeye.

Kilichokosekana ni mstari mmoja. Morfini ya maji, miligramu 5 kwenye mililita 5, anywe miligramu 10 kila baada ya saa 4, dozi ya ziada ni hiyo hiyo maumivu yakipanda, dawa ya kulainisha choo anayo, alipewa chupa ya kutosha siku 14. Sekunde arobaini za kalamu.

Na mstari huo unafika mbali kuliko wodi. Chini ya Mkataba wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, kila nchi hupeleka kwenye bodi ya kimataifa kule Vienna makadirio ya kiasi cha morfini inachohitaji kwa mwaka. Makadirio yanatoka wapi? Yanatoka kwenye matumizi na kwenye hesabu za wagonjwa. Hesabu za wagonjwa zinatoka wapi? Kwetu. Mgonjwa wa C53 ambaye hatukuandika kwamba anaumwa, ambaye hatukuweka Z51.5 ya tiba shufaa, ni mgonjwa ambaye nchi haikujua kama anahitaji dawa. Uganda walianza na huduma ya tiba shufaa ya daktari Anne Merriman mwaka 1993, na mwaka 2004 wakaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika morfini. Huwezi kumshawishi mtunga sheria kwa huruma peke yake. Unahitaji kumwonyesha daftari: hawa hapa, wako wangapi, wanaumwa kiasi gani, tumewapa nini, wamepata nafuu gani.

Kwa hiyo ninaomba nini? Karatasi mpya mtaikuta kwenye meza ya kila chumba, nusu ukurasa, Mganga Mfawidhi ameikubali. Ina nafasi ya neno la mgonjwa, ina picha ya mwili wa kuchorea palipouma, ina namba 0 hadi 10, na ina mstari ninaoupenda: "Maumivu yanamzuia nini?" Hapo naomba msijaze "shughuli za kila siku". Jazeni jambo lenyewe. Hawezi kuchota maji. Hawezi kurukuu. Hawezi kumbeba mjukuu. Ukishaandika hivyo, ziara ijayo una cha kumuuliza: je, sasa unarukuu?

Niliahidi kurudi kwa mama wa vitumbua. Amenipa ruhusa niwasomee alichoandikiwa ziara ya nne ya kliniki, bila jina lake. Mwandiko ni wa tabibu wetu kijana aliyekaa hapo nyuma.

"Maumivu ubavu wa kulia baada ya mkanda wa jeshi, B02.2, G53.0. Anasema 'yanawaka kidogo, si kama mwanzo'. 8 kwa 10 ziara ya kwanza, leo 3. Analala hadi alfajiri. Presha 135 kwa 80. Amitriptilini miligramu 25 usiku, mdomo mkavu kidogo, anavumilia. Amerudi kuuza vitumbua siku 4 kwa wiki. Leo amevaa gauni bila kuligeuza."

Asanteni kwa kunisikiliza. Foleni inatusubiri.